Cha Thamani Ileile au Zaidi

Jino la Shamimu liling'oka Ijumaa, na mpaka Jumapili asubuhi lilikuwa bado halijarushwa juu ya paa. Kwa Rukia, mama yake, hilo lilikuwa jambo la kuuliza. Katika ukoo wao, tangu babu zao waliposhuka na mizigo ya vitambaa kutoka Kilwa wakaja kutua huku Lipingo ukingoni mwa Ziwa Nyasa, jino la utoto likitoka hurushwa juu ya bati, mtoto akaomba jipya, watu wakacheka, mambo yakaisha. Halikai mfukoni wala halipotei ovyo.

"Jino liko wapi, mwanangu?"

Mtoto alinyoosha mkono. Alikuwa amevaa bangili nyembamba ya shaba iliyopoteza mng'aro, ndogo kama iliyofuliwa kwa kipimo chake.

"Nimeliacha kwenye kisanduku cha pangoni," akasema. "Nikachukua hii."

Twaha, baba yake, alikuwa anamfungulia mgeni soda kwa meno, tabia ambayo Rukia alikwisha kuisema mpaka akachoka, na iliyokuwa imemmegua jino la mbele pembeni na kulilegeza. Alicheka mpaka povu likamwagika. Akasema huyu ndiye mwanawe, ameuelewa mchezo kuliko watu wazima.

Visanduku vyenyewe ulikuwa mradi wa Twaha, na Twaha akishapata mradi hashikiki. Walikuwa na duka na nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, na wageni walikuwa wa kuokoteza. Ndipo mtalii mmoja aliyelala kwao akamfundisha mchezo unaochezwa dunia nzima: mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka alama ya mahali hapo kwenye mtandao, na watu wasiomjua wanakuja na simu zao kukisaka. Ndani kuna vikorokoro, na sharti ni moja, ukichukua kitu unaacha kitu. Twaha hakulala. Akamtafuta Mwalimu Aurelia, Mmatengo wa Mbuji aliyefundisha baiolojia sekondari na aliyependa popo kama wengine wanavyopenda paka, wakatengeneza njia nzima wakaiita Njia ya Popo. Kisanduku kimoja kilikaa chini ya daraja, kingine kwenye ghala bovu, kingine kwenye shamba la mihogo, na cha mwisho kwenye mdomo wa pango, huko juu kwenye majabali yanayotazama ziwa. Kila kimoja kilikuwa na kadi ya Mwalimu: huyu anakula mbu, huyu anapanda miti kwa mbegu anazozitema, usimshike, usimmulike machoni.

Na juu ya kila kifuniko, kwa rangi nyekundu, Twaha aliandika kwa mkono wake: *Karibu mgeni yeyote. Chukua unachokipenda, acha cha thamani ileile au zaidi.*

Watu walikuja, lazima tuseme ukweli. Walikuja kutoka Songea, walikuja hata Wazungu, wakala usipa na ugali wa muhogo, wakapanda majabalini kutazama popo wakitoka. Tatizo ni saa ya popo kutoka. Hutoka magharibi. Rukia alilelewa katika nyumba ambayo magharibi mtoto huwa ndani na dirisha limefungwa, na hakuwahi kufikiri jambo hilo linahitaji maelezo, mpaka alipoolewa na mtu anayetaka maelezo ya kila kitu. Twaha alimchukua mtoto kila jioni. Alisema Shamimu ndiye mwongoza wageni mdogo kuliko wote Tanzania, na alisema hivyo mbele ya wageni, mahali ambapo mke hawezi kubisha.

Basi Rukia akanyamaza kuhusu jino. Alimwambia tu mtoto avue bangili hiyo aoge. Bangili haikutoka. Walijaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya mawese, na ngozi ikawa nyekundu bure.

Harufu ndiyo ilifuata. Rukia aliisikia alipokuwa anatandika kitanda cha mtoto: mapera yaliyochacha, na chini yake ukali wa mavi ya popo. Akafua mashuka, akaanika godoro juani, na jioni harufu ilikuwepo palepale. Twaha akapanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema popo wamo na ni wa kawaida, nyumba gani ya Lipingo haina popo.

Kisha mtoto akaacha kula. Ugali aliusukuma, samaki alimgeuzia uso. Alitaka mapera, na maembe mabichi, na papai, na Rukia akampa akijipa moyo kwamba matunda nayo ni chakula. Siku alipofagia nyuma ya kitanda cha mtoto alikuta vidonge vikavu vimerundikana pembeni mwa ukuta, vingine bado vina alama ya meno. Alikiokota kimoja akakivunja. Yalikuwa makapi ya pera, yamenyonywa mpaka hayana hata unyevu, yakakandamizwa na kutemwa. Rukia alisimama pale na fagio kwa muda mrefu, kwa sababu kadi ya Mwalimu Aurelia ya pangoni aliijua kwa moyo, alimsaidia kuiandika vizuri: *Popo huyu halili tunda. Hulinyonya maji, akatema makapi.*

Walimpeleka zahanati. Hakuwa na malaria wala minyoo, wakapewa vitamini. Shamimu sasa alilala mchana kutwa, amejikunja, na jua likianza kukaa juu ya maji upande wa Malawi alifumbua macho bila kuamshwa. Maneno yake yalipungua. Ukimuita alichelewa kugeuka, kama anayesikiliza kwanza kitu kingine kilicho muhimu zaidi.

Mwalimu Aurelia alikuja kumjulia hali jioni moja kabla adhana haijaadhiniwa. Alikuwa na kidude alichoachiwa na watafiti waliopita, ambacho wanafunzi wake walikiita redio ya popo. Sauti za popo ni nyembamba mno, sikio la mtu mzima haliwezi kuzinasa, na kidude kile kilizishusha zikasikika kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Alikiweka juu ya meza ya chakula na kukiwasha, akidhani atamfurahisha mtoto, maana zamani Shamimu alikuwa anakipenda sana.

Kikagonga papo hapo. Ti, ti, ti.

"Wako darini," Mwalimu akasema.

Rukia hakuwa anatazama dari. Alikuwa anamtazama mwanawe, aliyekaa kwenye mkeka na macho yameelekezwa mlangoni, mdomo ukifunguka na kufumbika, ukifunguka na kufumbika, bila sauti yoyote ya kusikika, na kila ulipofunguka redio iligonga, na ulipofumbika redio ilinyamaza. Mwalimu naye akaona. Alinyoosha mkono taratibu kuizima, lakini kabla hajaifikia redio ikagonga tena wakati mdomo wa mtoto umefumbwa, mlio hafifu, wa mbali, kutoka upande wa majabali, Shamimu akajibu, na wa mbali ukajibu tena, safari hii umefika kwenye shamba la mihogo, kisha kwenye kichanja cha vyombo, kisha barazani, na harufu ya mapera yaliyochacha ikaingia ndani kwa kupitia chini ya mlango, ikapanda miguuni mwao mpaka puani, huku redio ikigonga kwa nguvu iliyofanya kijiko kicheze ndani ya kikombe, mpaka iliponyamaza ghafla na mlango wenyewe, mlango wa mbao, ukagongwa mara tatu kwa adabu, jinsi mgeni mstaarabu anavyobisha hodi.

Rukia alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Neno la kumjibu anayebisha hodi lilikuwa linamtoka mdomoni kabla hajawaza, lilimtoka hata usingizini. Akaliziba kwa viganja vyote viwili, akauma kidole mpaka akasikia chumvi ya damu.

Walikaa hivyo mpaka adhana ilipoanza. Mwalimu Aurelia, aliyekuwa ameshika rozari yake bila kujua ameitoa lini, akazima redio. Akamwomba mtoto afungue mdomo, akammulika kwa simu. Kwenye pengo la jino palikuwa pameota kitu. Kilikuwa cheupe, chembamba kuliko mwiba wa samaki, na kimepinda kuelekea ndani.

"Mama Shamimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nimefundisha meno miaka mingi. Hili si la mtu."

Twaha aliporudi na wageni alikuta mlango umefungwa kwa komeo na mkewe anaongea na simu. Upande wa pili alikuwa Bi Mwanahamisi, shangazi yake Twaha, muuza vitenge wa Mbinga mjini, ambaye watu walimfuata dukani kwa mambo mawili: vitenge, na yale ambayo hospitali imeshindwa kuyapa jina. Twaha hakumpenda kwa hilo la pili. Alikwisha kumwambia usoni kwamba anawaaibisha. Lakini Rukia alikuwa ameiweka simu sauti ya juu, na safari hii Twaha alisikiliza akiwa amesimama.

Bi Mwanahamisi aliuliza kuhusu jino, bangili, na maandishi ya kwenye kifuniko. Akataka asomewe maandishi hayo neno kwa neno. Rukia akasoma.

"Pango hilo watu wa huko wamechota mbolea humo tangu enzi na enzi," Bi Mwanahamisi akasema, "na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Unajua kwa nini? Hakuna aliyewahi kumkaribisha mtu humo. Humo mna jini, na hakuvunja mlango. Mmemwandikia kwa rangi nyekundu: mgeni yeyote, chukua unachokipenda. Kaja, kampenda mtoto. Kaacha bangili, kachukua jino, na sasa anaziba pengo kwa la kwake. Likishafika urefu wa wenzake, mtoto atakuwa wa kwao, na nyinyi mtabaki na mwili unaokula matunda."

Rukia akauliza afanye nini, na sauti yake haikuwa sauti yake. Shangazi akasema mtoto mwenyewe airudishe bangili kwa mkono wake na achukue jino lake, mchana, jua likiwa juu, yeye akiwepo. Angeshuka kesho na basi la kwanza. Wasimguse mtoto mdomo. Na mtu yeyote akibisha hodi, wanyamaze.

Asubuhi kile kitu kwenye pengo kilikuwa kimeongezeka. Jana kilikuwa ncha tu, leo kiliifikia nusu ya jino la jirani, na Shamimu alipovuta pumzi kilitoa mluzi mdogo. Twaha alipiga magoti mbele ya mwanawe akakitazama kwa muda. Hakufanya utani. Alikwenda stoo, akachukua gunia na koleo, akamwambia Rukia anakwenda kukata waya zilizofungia visanduku avikusanye vyote, hataki kukiona hata kimoja. Rukia alimpenda sana wakati ule, na hakumwambia, kwa sababu bado alikuwa na hasira naye.

Basi lilichelewa kwenye kona za mlima, na Bi Mwanahamisi alifika jua limeanza kuinama. Alikuwa mnene, mwenye pumzi fupi na amri nyingi. Akapokea shikamoo, akanywa maji akiwa amesimama, akamtazama mtoto mara moja tu, akasema twendeni. Rukia alimbeba Shamimu mgongoni. Uzito wake ulimtisha kuliko jino, maana aliipanda njia ile ya majabali kama aliyebeba kanga zilizokunjwa.

Kwenye mdomo wa pango kisanduku bado kilikuwepo, waya wake haujakatwa. Ndani ya giza popo walikuwa wanajisogezasogeza, na harufu ilikuwa ileile ya kitandani. Bi Mwanahamisi akasoma alichosoma, midomo ikicheza, kisha akamwambia Rukia amshushe mtoto na afungue kifuniko. Bangili iliyokuwa imeshinda sabuni na mafuta ikateleza yenyewe kwenye mkono wa Shamimu kama inayoijua njia. Mtoto akaiweka ndani ya kisanduku.

"Sasa chukua jino lako," Bi Mwanahamisi akamwambia.

Hapakuwa na jino. Kulikuwa na kadi ya Mwalimu Aurelia, kulikuwa na kalamu na shanga za wageni, na Rukia akavitoa vyote kimoja kimoja, akapekua, akatikisa, akapapasa mchanga uliozunguka jabali huku akilia bila kujifuta, akimwambia shangazi kwamba wamechelewa, kwamba limekwisha kuchukuliwa, kwamba yeye mwenyewe angekuja jana na si leo, kwamba angekataa siku ya kwanza mtoto alipotolewa nje magharibi na hakukataa kwa sababu ya kuwaonea haya wageni.

"Mama," Shamimu akasema. "Nina njaa."

Sauti ilikuwa nzima. Mtoto akakunja uso, akatema kitu kwenye kiganja: mwiba mweupe uliopinda, mkavu, hauna hata damu. Akasema anataka ugali na usipa. Rukia akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Bi Mwanahamisi akauchukua ule mwiba kwa ncha ya mtandio akautupia ndani ya kisanduku, akafunga. Hakucheka wala hakushukuru. Alikuwa anatazama mchanga karibu na jabali, mahali palipokuwa na matone meusi yaliyokauka.

"Kuna mtu katutangulia hapa," akasema.

Walimkuta Twaha barazani, gunia la visanduku liko miguuni mwake, leso ameikandamiza mdomoni. Alipomwona Shamimu anatembea kwa miguu yake mwenyewe, anapanda ngazi za baraza mbili mbili na kuuliza chakula kiko wapi, macho ya baba yalijaa machozi. Akafungua kiganja. Ndani yake lilikuwamo jino dogo la mtoto, safi, limeoshwa.

Kwa hiyo walilirusha juu ya bati palepale, Shamimu akaomba jipya kwa kelele, Rukia akacheka kicheko kilichokuwa na kilio ndani yake. Bi Mwanahamisi peke yake ndiye alibaki amesimama mbele ya mpwa wake.

"Wewe uliacha nini?"

Twaha akaiondoa leso. Jino lile la mbele, lililomeguka kwa soda, halikuwepo. Ufizi ulikuwa umechanika, na kwenye mfuko wa shati koleo ilikuwa imeacha doa jekundu.

"Sharti nililiandika mimi," akasema kwa shida. "Cha thamani ileile au zaidi. Nililisoma kwa sauti ili asije akasema sikusikika. Usiku kucha nilikuwa nasikia ule mluzi, shangazi. Nisingeweza kusubiri basi."

Bi Mwanahamisi akakaa chini barazani, mara ya kwanza tangu afike. Alimshika Twaha kidevu, akamgeuza huku na huku kama alivyomgeuza alipokuwa mtoto mwenye pua chafu. Alisema mtoto alitoa bila kujua, ndiyo maana aliweza kurudishiwa. Mtu mzima aliyetoa kwa ridhaa yake, na akalisoma sharti kwa mdomo wake mwenyewe, huyo yeye shangazi hana pa kumshikia ili amrudishe. Alimfukizia udi, akamnywesha kombe, maji yaliyooshewa aya, akamwambia asiwe nje magharibi maisha yake yote. Alipoondoka kesho yake alimkumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake.

Njia ya Popo ikafutwa kwenye mtandao. Visanduku walivichoma, cha pangoni wakakiacha palepale kwa amri ya shangazi. Mwalimu Aurelia alirudi kwenye popo wake wa darasani, na redio hakuileta tena nyumba ile. Shamimu akanenepa. Jino lake jipya lilitoka pana, lenye vinundu vidogo kwenye ukingo kama meno yote mapya ya watoto, na Rukia alilikagua kila asubuhi mpaka mtoto akaona kero.

Twaha alikataa jino la bandia. Aliwaambia wageni kwamba sasa ameacha kufungua soda, mke ameshinda, na watu walicheka. Miezi ikapita. Kazi iliendelea, na kama alianza kupenda mapera kuliko alivyoyapenda zamani, ulikuwa msimu wa mapera na kila mtu alikuwa anayala.

Jioni moja walikuwa wanakula mapema, dirisha bado liko wazi kwa sababu ya joto. Shamimu alisimulia kituko cha shuleni, na Twaha akacheka kwa kinywa chote, kichwa nyuma, jinsi alivyocheka siku ile ya bangili. Rukia akaona. Kwenye pengo, katikati ya ufizi uliokwisha kupona, palikuwa na ncha nyeupe, nyembamba, imepinda kuelekea ndani. Mumewe alikuwa mtu wa miaka arobaini. Mtu wa miaka arobaini haoti jino.

Tonge lilimganda Rukia mkononi. Alitaka kulia, alitaka kumshika, alitaka kumuuliza kama anajua, na akaona machoni mwake kwamba hajui. Basi akamwambia, kwa sauti ya kawaida ya mke anayemkanya mumewe mezani, afumbe mdomo anapotafuna.

Twaha akafumba, akitabasamu. Nje jua lilikuwa linakaa juu ya maji. Shamimu alikuwa ameacha kula na amegeuza kichwa kuelekea majabali, akisikiliza, maana sikio la mtoto hunasa yale ambayo la mtu mzima haliwezi. Kisha akainuka bila kuambiwa, akazunguka meza, akafunga dirisha lililokuwa upande wa baba yake, akalishikilia kwa mikono yote miwili.